Kopo Lililoachwa Wazi

Mama alikuwa na tabia ya kufungua kopo la sukari kabla ya kuomba. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, limeoshwa mpaka maandishi yake yakafutika, na miezi ile halikuwa na kitu ndani. Kila asubuhi aliliweka katikati ya meza, akaondoa mfuniko, akaulaza pembeni, kisha akafumba macho. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto mjinga.

"Mgeni akija na mzigo utamfungia mlango?"

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, niko nyumbani kijijini Kansay nasubiri kupangiwa kazi, na sikuwa na shughuli isipokuwa kufikiri. Nilifikiri juu ya mfuniko ule siku nzima. Mungu aliyechimba shimo la Ngorongoro na kulijaza nyati, ashindwe na mfuniko wa bati? Na kama hashindwi, kwa nini kuuondoa? Na kama kuuondoa hakuna maana, kwa nini mimi, niliyejua hakuna maana, niliona vibaya kuurudisha?

Ilikuwa miaka ya foleni. Vita vilikwisha, maduka yakabaki na rafu. Sukari ilikuja kwenye duka la ushirika siku isiyojulikana, ikagawiwa kwa kipimo, na aliyekuwa shambani akaikosa. Watu walizoea. Walikunywa uji bila kitu, wakala kiporo, maisha yakaendelea. Nyumbani kwetu hayakuweza kuendelea, kwa sababu dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi.

Ni lazima nieleze jambo la chai. Zamani kwetu arusi ilikuwa pombe, na pombe nzuri ilikuwa ya asali. Kisha uamsho ukaja, watu wakaokoka, pombe ikamwagwa. Lakini watu waliookoka nao wana koo, na arusi haiwezi kuwa kavu. Basi chai ikapandishwa cheo. Chai ya maziwa, tamu mpaka midomo inanata, ndiyo ikawa alama ya arusi takatifu. Mtu akikwambia, "Tulikunywa chai mpaka tukaichoka," alikuwa anakwambia kwamba Bwana alikuwepo. Chai isiyo na sukari ilikuwa msiba.

Kiongozi wa kikundi cha maombi, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa na koti la kaki, alilisema wazi mbele ya mama. "Chai ikikosa utamu, watu watateleza kwenda kwa kaka yako kule msituni. Watarudi wanayumba. Mimi siwezi kusimamia arusi ya namna hiyo. Tuiahirishe mpaka Bwana afungue njia."

Ilikwisha kuahirishwa mara moja, kwa ajili ya kitambaa cha gauni. Bwana arusi alikuwa mwalimu, amepangiwa shule kule Malambo, na shule ilikuwa inafunguliwa. Lori la kupeleka mahindi kwa wafugaji lilikuwa linaondoka Jumatatu. Wangefunga ndoa, dada angepanda naye. Wasingefunga, mwalimu angekwenda peke yake kukaa na ng'ombe na vumbi, na dada angebaki kumenya viazi na kungoja likizo, kama likizo ingemrudisha.

Dada hakulia. Alinijia nyuma ya nyumba nilipokuwa nawaza.

"Wewe msomi. Kwa ajili ya sukari nitazeekea hapa?"

"Kuna dereva wa magari ya watalii pale Karatu," nikamwambia. "Anaipata toka ng'ambo ya mpaka."

Mama alinisikia. Masikio yake yalikuwa ya mtu anayengoja hodi.

"Magendo? Kwenye arusi ya Mungu? Afadhali wanywe maji ya mto."

Hapo nikaingia kwenye mateso yangu ya kawaida. Ningeweza kuinunua kimya kimya na kuimimina kwenye kopo alfajiri. Mama angeamka, angeona, angepiga vigelegele. Lakini basi ningekuwa nimeghushi muujiza. Na mama angetoa ushuhuda, na watu wangeokoka kwa ushuhuda huo, na wokovu wao ungesimama juu ya sukari ya magendo, na kama Mungu yupo angenidai mimi, na kama hayupo ningekuwa nimemdanganya mama yangu kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Nilipomaliza kupima hayo, dereva alikuwa ameshapandisha watalii wake kreta.

Kikundi kikaja kuomba. Sijapata kuona watu wanaomwamini Mungu kiasi kile na kumwona mzembe kiasi kile. Kila mmoja alimpa maelekezo. Mama mmoja mnene, jirani yetu wa upande wa bondeni, alimchorea na ramani.

"Baba, ipitishe Mto wa Mbu, maana huku juu barabara imekatika!"

"Amina!"

"Isinyeshewe, Baba! Iwe ndani ya turubai!"

"Amina!"

Mzee wa koti la kaki akasema ameonyeshwa gunia jeupe katika ndoto. Watu wakapiga makofi. Nikajiuliza kama gunia lile lilikuwa ndani ya nyumba yake, kwa sababu kila mchungaji mgeni alipofikia kwake alikunywa chai iliyokolea, na sisi wengine tuliambiwa tumtazame Bwana. Mama peke yake hakusema chochote cha kusikika. Alikuwa ameshika ukingo wa kopo kwa vidole viwili, kama mtu anayelizuia lisianguke.

Ijumaa, jua likiwa utosini, mjomba akatokea na punda.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Aliishi pembeni mwa msitu wa hifadhi, akatundika mizinga ya magogo, akapika pombe, akaomba kwa desturi za babu zake, na hakuwa na haraka ya kubadilika. Hakualikwa kuleta kitu. Alialikwa kukaa kimya. Punda alikuwa amebeba madebe mawili ya asali iliyochujwa, yamefunikwa kwa majani ya mgomba.

"Mdogo wangu," akamwambia mama, "nimesikia mnazika mtoto kesho kwa chai chungu."

Mzee wa kanisa alikuwa pale, akipima mahali pa kufunga turubai. Alinusa hewa.

"Hiyo ni asali ya pombe."

"Asali haijawa pombe. Ni wewe unayeifikiria pombe."

"Inatoka kwenye mizinga iliyotambikiwa."

"Nyuki hawakuhudhuria tambiko, mzee. Walikuwa kazini."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Mzee akapandisha sauti: waliookoka hawawezi kushirikiana na giza. Mjomba akaketi juu ya kinu kilicholazwa chini, akanyoosha miguu.

"Hebu nikumbushe. Bwana wenu alipokwenda arusini wakaishiwa, aliwatengenezea nini? Chai?"

"Ilikuwa juisi!" mzee akafoka. "Wataalamu wameeleza!"

Akanigeukia mimi, msomi, nimsaidie. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hoja ile, ya kuunga na ya kupinga, na nilipokuwa nayapanga mama alitoka ndani amebeba kopo. Akalisimamisha mbele ya kaka yake.

"Jaza."

"Mama," mzee akasema, "tuliomba sukari. Kikundi kizima kiliomba sukari. Utamwambia nini Bwana?"

"Sukari mliiomba ninyi. Mimi niliomba binti yangu aolewe."

Mjomba akainamisha debe. Asali ilishuka polepole, nyeusi ya msituni, na sote tukabaki kuitazama mpaka ikafika juu na kunenepa ukingoni.

Mzee alidai walau aiombee kwanza, itoke roho iliyomo. Aliiombea kwa muda mrefu mpaka nzi na nyuki wakapata habari, na nyuki mmoja akamuuma shingoni katikati ya kukemea. Mjomba hakucheka. Alimpaka asali palipoumwa.

Arusi ikafanyika. Chai ilikuwa na rangi ya kutu na harufu ya moshi, na watu wakainywa mpaka wakaichoka. Mzee alikinga kikombe mara nyingi kuliko mtu yeyote. Jumatatu dada akapanda lori juu ya magunia ya mahindi, kitenge kipya kichwani, mumewe akimshika mkono kama mtu aliyepewa yai. Hakugeuka nyuma. Hilo halikunishangaza, nisingegeuka mimi pia.

Kilichofuata ndicho kinachonichoma mpaka leo. Muujiza ulianza kusafiri. Nikiwa Karatu nasaka habari za kazi, muumini nisiyemjua alinisimulia jinsi huko Kansay gunia jeupe la sukari lilivyokutwa mlangoni mwa mjane, ndani ya turubai, halijanyeshewa. Mama si mjane. Baba alikuwa hai, amerudi Mbulu baada ya arusi kwenye kazi yake ya kufyatua matofali. Nikarudi nyumbani nimejaa dharau, na Jumapili ile mzee akasimama kanisani, akashika ukosi wa koti lake, akaanza.

"Wapendwa, sukari ile aliyotuletea Bwana..."

Nilimtazama mama. Nilikuwa na hakika atanyamaza. Watu wa imani huwaachia wenzao waseme, ndivyo nilivyokuwa nimeamua juu yao. Mama akasimama, akaweka sawa khanga yake.

"Ilikuwa asali," akasema. "Ya kaka yangu."

Akaketi. Mzee akaanzisha wimbo kwa kasi sana, na nusu ya kanisa hawakuupata ubeti.