Santuri Isiyo na Amina

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa mtaa wa Bredäng, huku kwa Waswidi, na popote treni ya mstari mwekundu inapofika, kwamba miongoni mwenu yumo mlinzi wa hazina ya dunia. Vueni kofia. Jina lake Oduor, na kazi yake ni kupakia mizigo ya watu kwenye ndege huko Arlanda.

Hazina yenyewe ni santuri. Si zile zilizovuma, la! Oduor hukusanya zilizoanguka: za miaka ile vijana wa Ulaya walipovaa suruali pana kama mapazia, wakaona rangi ambazo Mungu hakuziumba, wakapiga gitaa kinyumenyume. Baadhi yao walitajirika. Wengine santuri zao zilinunuliwa na mama zao tu, na hao ndio wa Oduor. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu: "Zilizosifiwa zina wenyewe. Hizi zina mimi."

Zimejaza ukuta mzima wa sebule. Na ukuta, mkewe Jennifer alimkumbusha Jumamosi hiyo huku akisukuma chapati, ni mmoja.

"Baba Daisy, watu wa maombi watakaa chini tena leo kama watoto wa nasari. Jumatatu naleta sofa. Hizo sahani zirudi zilikotoka."

"Hujawahi hata kuzisikiliza."

"Haya. Leo wapigie wageni moja. Akipatikana mtu mmoja tu wa kusema ongeza, sofa naisahau. Asipopatikana, unazibeba mwenyewe. Si mizigo ndiyo kazi yako?"

Binti yao Daisy akamhurumia kwa Kiswidi: "Stackars pappa!" Yaani, maskini baba.

Oduor alichagua ile anayoipenda kuliko zote: ya vijana wanne wa Uppsala, mwaka 1968, jalada lina kulungu aliyevaa miwani. Wageni walipokuwa wakishushia chapati kwa chai, akateremsha sindano.

Kilichoanza ni kinanda. Kinanda kizito, kirefu, cha kanisani kabisa. Na watu wa maombi wamelelewa: kinanda kikilia, unasimama. Mama Médiatrice, Mrundi anayeongoza maombi na asiyecheka na mtu kwenye ibada, aliweka kikombe chini, akainuka, akafumba macho. Sebule nzima ikainuka naye. Ukishasimama hivyo hukai mpaka mtu aseme amina, na kwenye santuri ile hakukuwa na wa kuisema.

Jennifer alimtolea mumewe macho: zima! Oduor akanyoosha mkono. Hapo gitaa likaingia.

Liliingia kinyumenyume, kama mvua inayorudi mbinguni. Ngoma zikafuata polepole, kama moyo wa mnyama mkubwa aliyelala chini ya maghorofa yote ya Bredäng. Kisha zikaja sauti za wale vijana, zimelowa mwangwi hata maneno hayashikiki, zikapanda, zikapanda, na pale ulipodhani zimefika darini, ukakuta hakuna dari.

Mkono wa Oduor ulibaki hewani. Miaka yote ameisikiliza kwa hedifoni, peke yake, kama mwizi. Hakujua kwamba inaweza kujaza chumba. Mgeni mmoja alikuwa akitokwa na machozi, kipande cha chapati mkononi. Daisy alisahau simu yake. Hata Jennifer alikuwa ameegemea rafu ile ile aliyoihukumu, kafumba macho kama wengine. Huenda huu ndio umati mkubwa kuliko wote ambao vijana wale waliwahi kuupata, na wote wamesimama.

Muziki ukaisha. Sindano ikawa inagonga mwisho wa santuri, tik, tik, tik, na hakuna aliyeketi.

"Amina," alisema Mama Médiatrice. "Baba Daisy, hawa ni wa kanisa gani?"

"Hawakuwa na kanisa, Mama. Walifanyia mazoezi kwenye zizi la ng'ombe."

"Hata Bwana alianzia huko." Akajifuta macho. "Ongeza, mwanangu. Geuza upande wa pili."

Jennifer akashusha pumzi. Sofa ndiyo imekwenda hivyo.

Oduor aliitazama santuri, kisha akawatazama wale watu waliosimama, wakingoja.

"Upande wa pili haufai, Mama; huo ndio ulioiangusha santuri. Kaeni tu."