Nusu na Pomoni

Abdulkadiri alikuwa mtu wa nusu. Chai yake nusu kikombe, wali wake nusu sahani, na ukimsalimia atakujibu "njema" asiulize yako. Watu wa kisiwa cha Chovae walimwita Bwana Nusu. Hakukasirika. Au alikasirika, lakini nusu.

Mkewe Mashavu alikuwa wa pomoni. Akishika birika, kikombe kilijaa mpaka kikafurika, kisahani kikapokea, na vidole vya mume vikaungua.

"Nusu, Mashavu, nusu!"

"Nusu apewe paka. Mume hupewa pomoni."

Waligombania kikombe hicho toka ujanani mpaka meno yakaanza kuwaaga, na mshindi hakupatikana. Kisha Mashavu akafa. Birika likakaa pembeni, kavu.

Alipokuwa mgonjwa kitandani, Mashavu alikuwa na hamu moja tu. Kisima cha Chovae kilikuwa kimeingiwa na bahari, na chai ya kisiwani mtu aliionja akadhani mpishi amekosea mkebe, ametia chumvi. "Nipatie chai ya maji matamu," alimwambia mumewe. "Kikombe kimoja. Lakini kijae."

Abdulkadiri akasema, "Nitaleta."

Mauti yakafika kabla ya maji.

Ndipo akatia nia. Siku ya khitma ya arubaini, kila mtu wa Chovae atakunywa chai ya maji matamu, na thawabu zimfikie Mashavu huko aliko. Akalisema hilo msikitini, mbele ya watu. Mtu asiyesema-sema akisema, neno lake halina njia ya kurudi.

Maji hayo yako mjini Kismayo. Shida ni chombo cha kuyabebea. Madumu yote ya kisiwani yalikwisha kuonja petroli au mafuta ya papa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akamwazima mfuko mkubwa wa mpira, ule unaolala chini kama mto wa kulalia jitu. Abdulkadiri akaulaza ndani ya mashua yake ya mashine, akamchukua shemeji yake Fumo, kaka wa marehemu, mtu mnene wa mwili na wa maneno, wakaenda.

Kwenye bomba la maji Abdulkadiri akawaza kama alivyozoea kuwaza. Tusizidishe. Akautia mfuko maji nusu, akaufunga mdomo.

Walipoipita tu bandari, wimbi moja likaiinamisha mashua kidogo. Maji ndani ya mfuko yakateremka upande ule, na mfuko ukayafuata, ukajikunyata, ukajitutumua, kama ng'ombe mwenye mimba anayetafuta pa kulala. Mashua ikainama zaidi. Fumo akajitupa upande wa pili ili kuisawazisha. Mashua ikarudi, ikapitiliza, na mfuko nao ukageuka, ukamjia.

"Shemeji! Unanifuata!"

"Kaa."

"Nikae wapi? Kila nikikaa unakuja kukaa na mimi!"

Ubavu wa mashua ulikuwa umeanza kunywa bahari. Abdulkadiri akaufungua mdomo wa mfuko, na maji matamu yote yakamwagika baharini, huku akiyatazama.

Fumo hakuweza kukaa na habari kama hiyo. Walipotia nanga Chovae alikwisha kuipanga. "Jamani, Bwana Nusu amekwenda kuitia bahari sukari! Samaki wa leo wapikeni kwa tui, hawana chumvi tena!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Abdulkadiri akaingia ndani. Siku ya khitma ilikuwa inakaribia.

Aliyemfuata ndani ni Thuraya, mjukuu wake. Thuraya alisomea uhandisi Mombasa, akarudi kwa ajili ya maziko, akabaki. Zamani babu alimwita "mke wangu", kwa utani wa babu na mjukuu, naye Thuraya na Mashavu waliitana mke mwenza na kurushiana maneno mpaka jirani wakahamisha vigoda kuja kusikiliza. Tangu msiba, Abdulkadiri hakumwita mtu yeyote mke.

"Babu, usirudi Kismayo mpaka niujaribu mfuko kwanza."

"Utaujaribu wapi?"

"Humu." Akaigonga kompyuta yake.

Abdulkadiri akaitazama kompyuta, akautazama mfuko uliokunjwa kando. "Hautaingia."

Thuraya akacheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu msiba. Akaeleza kwamba utakaoingia ni mfano wake. Lakini ili mfano usiwe wa uongo ni lazima ajue mpira ule una ukaidi gani, unavutika kiasi gani ukilemewa. Alitaka kitu kizito anachojua uzito wake.

Macho yao yakamwendea Fumo, aliyekwisha kuja na kuegemea mlango.

"Mimi si jiwe la mizani," Fumo alisema.

"Jiwe halijui kukaa katikati," Thuraya alisema. "Wewe unajua, babu Fumo."

Wakampeleka Fumo uani kwa Bi Mulki, wakampima kwenye mizani ya kupimia papa. Akapanda juu ya mfuko uliotiwa maji ya kisima, akakaa. Thuraya akachora mistari ya chaki kwenye mpira, akapima ilivyoachana, akamwambia ainuke, akapima tena. Bi Mulki, jirani ambaye ndiye atakayepika chai ya khitma, alikuwa amesimama mlangoni. "Leo ndio umefanya kazi, Fumo. Na umeifanya umekaa."

Kompyuta ilikula umeme wa jua kutoka juu ya paa la Bi Mulki. Kioo kikaonyesha mbavu za mashua, mfuko wa kijani juu yake, na ndani ya mfuko maji ya buluu. Vilikuwa vimesimama tuli. Asubuhi ikapita. Mashua ikasogea kidole kimoja.

"Imekufa?" Abdulkadiri aliuliza.

"Inafikiri."

"Nini?"

"Inasuluhisha ugomvi, babu. Maji yanausukuma mfuko. Mfuko unavutika, kisha unarudisha. Ukirudisha, maji yanabadili njia, yanausukuma kwingine. Huwezi kumjua mmoja bila kumsikia mwenzake. Basi kompyuta inawauliza kwa zamu. Wewe maji, unasukuma wapi? Wewe mfuko, umesukumwa hivi, unajibu nini? Inarudi kwa maji. Inakwenda na kurudi mpaka wakubaliane, ndipo wakati unasogea mbele kama kupepesa jicho. Kisha wanaanza upya."

"Na wakikataa kukubaliana?"

"Kila mmoja anapandisha sauti juu ya mwenzake mpaka kompyuta inagoma."

"Hawa wameoana," Fumo alisema.

"Kwa hiyo nawapunguzia," Thuraya aliendelea. "Mfuko ukija na jibu kubwa, silipeleki zima. Naweka nusu yake tu. Nikiwapa jibu zima kwa mkupuo hawapatani milele."

Abdulkadiri akamgeukia. "Unaweka nini?"

"Nusu."

Akasogeza kigoda chake karibu na kioo. "Angekuwapo asikie."

"Mke mwenzangu? Angesema kompyuta imehongwa."

Alasiri kioo kilianza kwenda. Watu wakajaa barazani kwa Bi Mulki. Wimbi likaja, maji ya buluu yakateremka, mfuko wa kijani ukajikunyata na kujitutumua vilevile kama siku ile, na mashua ikapinduka. Baraza zima likaguta. Wakataka irudiwe. Thuraya akairudia. Ikapinduka tena.

"Nani yuko kwenye usukani?" Fumo aliuliza.

"Hakuna mchu. Mtu sikumtia," alisema Thuraya.

"Basi! Mashua haina mchu, mnategemea nini?"

"Siku ile ulikuwamo wewe, na mfuko ulikufuata."

Wakacheka. Abdulkadiri hakucheka. Si jambo dogo kukaa barazani ukinywa kahawa huku jirani zako wanakutazama ukizama, wakisema rudia.

Thuraya akabadili kiasi cha maji, robo, nusu, zaidi ya nusu. Kila kompyuta ilipomaliza alimwita babu yake. Mwisho akamwambia, kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari. "Babu, mbaya kuliko zote ni nusu."

"Nusu?"

"Nusu. Maji yana nafasi ya kukimbia, na ni mengi ya kutosha kuipindua mashua. Mfuko ukijaa pomoni hayana pa kwenda, yanatulia kama jiwe."

Kutoka uani, sauti ya Bi Mulki ikasikika. "Mashavu, umesikia huko uliko? Pomoni!"

"Basi tujaze," Abdulkadiri alisema.

Thuraya akatikisa kichwa, akamwonyesha. Mfuko uliojaa pomoni haukuyumba hata kidogo. Lakini ulikuwa mzito kuliko mashua. Mashua ilikaa chini mno, na wimbi la kwanza likapanda ubavuni na kuingia kama mgeni aliyekaribishwa.

Abdulkadiri akakitazama kioo muda mrefu. Ukijaza nusu unazama. Ukijaza wote unazama.

"Waambie watu chai ni ya kisima," alisema. Akaondoka.

Akakaa nyumbani karibu na birika. Hakulishika. Alikuwa amemwahidi kikombe kimoja. Mtu anaahidi kikombe kimoja tu kisha anashindwa, tena na bahari aliyozaliwa ndani yake.

Kule kwa Bi Mulki mfuko wenyewe ulikuwa umelala uani, umevimba kwa maji ya kisima aliyokalia Fumo. Bi Mulki akaupita na sinia, ukamzibia njia, akaupiga teke. "Tumbo lote hili! Mimba kubwa kama hii si hufungwa kibwebwe?"

Wote wakacheka ila Thuraya. Thuraya alisimama, akamtazama Bi Mulki, akautazama mfuko.

"Sema tena, bibi."

"Nimetania, mwanangu. Mfuko hauzai."

"Kibwebwe. Tukiufunga kiunoni, katikati, kwa kamba. Upande mmoja tuukunje, usiingie kitu. Upande wa pili tuujaze pomoni. Maji ni nusu, lakini hayana pa kukimbilia." Alikwisha kukaa mbele ya kompyuta. Fumo akajitolea kukaa tena juu ya mfuko kama itahitajika. Haikuhitajika.

Kesho yake Thuraya akaibeba kompyuta mpaka nyumbani kwa babu yake, akaiweka juu ya kigoda. Mfuko wa kijani ulikuwa na kiuno. Wimbi likaja. Mashua ikainama kama mtu anayeitikia salamu, ikarudi. Likaja la pili. Ikainama, ikarudi.

"Rudia," Abdulkadiri alisema.

Akairudia mpaka akaridhika.

"Humu kuna mawimbi niliyoyatia mimi tu, babu. Bahari ina yake. Siku ikiwa mbaya msitoke."

"Sawa."

"Na kamba tupu itaukata mpira. Lazima kuwe na kitambaa chini yake, kizito kidogo."

Nguo za Mashavu zilikwisha kutolewa sadaka. Abdulkadiri akaingia chumbani, akatoka na leso moja, akampa mjukuu wake. Thuraya aliijua. Akaikunja mara nne ili iwe nzito.

Siku iliyokuwa tulivu wakaenda Kismayo, Abdulkadiri na Fumo, na mfuko wenye leso kiunoni na kamba juu ya leso. Mwenye bomba aliutazama. "Mfuko wenu unakwenda ngomani?"

"Jaza," Abdulkadiri alisema.

Maji yakaingia. Upande ule ukanyanyuka, ukawa duara, ukakaza. Mwenye bomba akashika kifungio. "Haye, basi, mzee. Imetosha."

"Ongeza."

"Utapasuka!"

Fumo akamtazama shemeji yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Abdulkadiri akaweka kiganja juu ya mpira, akaubonyeza, ukamrudishia mkono. "Pomoni," alisema. Neno hilo halikuwahi kumtoka maishani ila kwa kulalamika.

Njiani Fumo hakuutoa macho mfuko. Wimbi likawainamisha, likawarudisha. Likaja jingine, kubwa zaidi, na matone yakamrukia usoni. Mfuko ulikaa mahali pake.

"Leo haunitaki," Fumo alisema, kwa huzuni kidogo. Akaipapasa ile leso kwa kidole. "Dada yangu amekaa juu yake."

"Hm," alisema Abdulkadiri, akashika usukani.

Siku ya khitma Bi Mulki alikoka moto toka alfajiri. Qurani ikasomwa, dua ikaombwa, chai ikaja. Watu wakaonja, wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kama imetiwa asali. Waliomcheka Abdulkadiri wakamwombea marehemu, wakaomba kikombe cha pili. Uani leso ilikuwa kwenye kamba, inakauka.

Thuraya akamletea babu yake chai mwenyewe, katika kikombe kile kile na kisahani chake. Alimtilia nusu, kama ilivyo heshima yake.

Abdulkadiri akakitazama kikombe. Akakisukuma mbele.

"Mke wangu," alisema. "Ongeza."

Thuraya akasimama na birika, macho yakimng'aa. Kisha akamimina. Chai ikafika ukingoni, ikaupita, ikajaa kisahani, ikamteremkia babu vidoleni.

"Nusu, Ma—" alisema Abdulkadiri.

Jina nalo likamtoka nusu. Nusu iliyobaki akaimeza pamoja na chai, ilikuwa tamu.