Kiti cha Kushoto

Mama yangu akitaka kitu hakwambii mara mbili. Jioni ile, nyumbani kwetu Ngara, alikata simu ya mdogo wake, kisha akanigeukia. "Stela, nimechoka kumwona Verediana kwenye kioo cha simu. Nyonga hii hainiruhusu kukaa garini siku nzima, na yeye anazeeka kule peke yake. Kamlete."

Kamlete! Kana kwamba yuko nyumba ya tatu. Mama mdogo Verediana anaishi Gisenyi, ukingoni mwa ziwa Kivu, mbele kidogo tu unaingia Kongo. Yeye na mama walizaliwa huku Ngara, watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda. Mama akaolewa na baba yangu, akabaki. Mama mdogo akaolewa na Mnyarwanda mwenzake, na watu waliporudi kwao, nao wakarudi. Baadaye mume wake akafa kwenye ajali ya basi, na tangu siku hiyo mama mdogo hajapanda chombo chochote chenye magurudumu. Sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, hata maharage anayafuata kijijini Cyanzarwe kwa miguu. Mama alijua yote hayo. Lakini ndiyo hivyo, kashasema.

Rusumo, asubuhi. Hapa ndipo dunia inapogeuka. Upande wetu tunaendesha kushoto, ukishavuka daraja na kumaliza karatasi za mpakani, unaendesha kulia. Afisa mmoja aliona namba zangu za Tanzania akanikumbusha kwa upole, "Dada, kuanzia hapa ni kulia." Nikamjibu kwamba najua. Na kweli nilijua, kichwani. Mikono ndiyo ilikuwa haijaambiwa. Kilometa za kwanza nilikuwa najisemea kwa sauti, kulia, kulia, kulia, kama mwendawazimu.

Kigali, mchana. Nisiwafiche, mimi ni mtu wa honi. Kwetu honi ni salamu, ni asante, ni pisha, ni "mama nanihii hujambo". Sasa pale mjini gari la mbele yangu likasimama ghafla kwenye kivuko cha pundamilia. Nikachungulia kuna nini. Kuna mama mmoja na kikapu chake, hata mguu hajautia barabarani! Nikapiga honi ndefu. Jamani, walivyonitazama! Ni kama niliyecheua kanisani. Yule mama akavuka taratibu, akafika katikati, akaniinamishia kichwa kunishukuru kwa kusimama. Aibu niliyoiona sijui niieleze vipi.

Kanzenze, alasiri. Barabara ya kutoka Musanze inapanda na kushuka katikati ya mashamba ya viazi, na kila kona ina kijiji. Mbele yangu lilikuwa lori la viazi linalojivuta mlimani, na nyuma yake vijana wawili wa baiskeli wameshika bodi kwa mkono mmoja wavutwe bure. Roho ilikuwa inaniruka kwa ajili yao. Walipoachia na kuingia kijijini, lori likawasha indiketa ya kushoto. Sasa kila anayeendesha kwetu anaijua lugha hii: lori likikuwashia ya kushoto, limekwambia njia nyeupe, pita. Likikuwashia ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Nikamshukuru dereva kwa honi, nikachomoka.

Weee! Basi dogo hili hapa, uso kwa uso. Nilikanyaga breki nikarudi nyuma ya lori sijui kwa mkono wa nani. Basi nalo lilikuwa limejitupa pembeni, limesimama kwenye majani. Nikasimama, nikashuka, nikijua leo nitatukanwa mpaka ukoo. Dereva wa basi akashusha kioo. Akanitazama, akatazama namba za gari langu, akatikisa kichwa. "Buhoro, mama," akasema. Pole pole. Akangoja mpaka nimeingia garini ndipo akaondoka. Angenitukana ningepona haraka zaidi. Nilikaa pale nikalia, halafu nikaenda mwendo wa jongoo mpaka Nyakiriba, mpaka nikaona ziwa chini yangu.

Gisenyi, jioni. Nyumba ya mama mdogo iko kwenye mtaa wa mawe meusi ya volkano, ukuta wa mawe hayohayo, na geti la bluu. Nilipofika getini mkono ulinitangulia: piii! Geti halikufunguliwa. Nikapiga tena. Likafunguka mlango mdogo, akatoka mama mdogo, mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, uso wa mama yangu kabisa ila umepungua.

"Mgeni wa hodi anashuka," akasema. "Anayepiga kelele nje ni polisi."

Nikashuka. Nikabisha hodi mbele yake, na ndipo akacheka, akanikumbatia kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Alininusa shingoni kama mtoto mchanga. "Unanukia kwa Dada," akasema, na machozi yakamtoka. Kiswahili chake bado ni cha kwetu, hakikupotea hata kidogo.

Tukiwa kwenye chai na viazi nikatoa ujumbe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Mwambie Dada nampenda. Lakini sitapanda, mwanangu."

"Nitaendesha pole pole, mama mdogo."

"Umepiga honi mara mbili kwenye geti ambalo hata halikukukosea."

Nikala viazi.

Siku iliyofuata, asubuhi. Ndipo aliponieleza, tukiwa tunaosha vyombo, bila kunitazama. Siku ya ajali alikuwa ndani ya basi lile. Alikaa nyuma ya dereva upande wa dirisha, mume wake pembeni yake amesinzia. Dereva akatoka kupita gari lingine kwenye kona, na mama mdogo kutoka pale dirishani akaliona lori linalokuja kabla ya mtu yeyote.

"Neno lilikuwa hapa," akasema, akagusa koo. "Nikaona haya. Abiria hamfundishi dereva kazi, ndivyo tulivyolelewa. Tena mwanamke! Watu wangenigeukia. Nikanyamaza, Stela. Kwa adabu tu, nikanyamaza."

Nilimshika mkono wenye povu. Niliona wazi kwamba Mama alinituma kitu kisichobebeka, na kwamba ningerudi Ngara na kiti kitupu.

Saa nne hivi akaja jirani, Papa Fiston, mtu wa makamo mwenye pikipiki ya abiria. Alikulia Masisi, upande wa Kongo, na Kiswahili chake ni cha hukohuko. Mama mdogo alikuwa kamsimulia honi zangu, maana alianza kunicheka kabla hajakaa. Nikamweleza yaliyonipata Kanzenze, nikamlaumu dereva wa lori kwamba alinidanganya.

"Hakukudanganya, mama," akasema. "Bon, sikia. Huku tunatembeza kuume. Clignotant, hiyo taa, ya kushoto inasema: baki, kuko mutu anakuya. Ya kuume inasema: pita. We ulisoma barua ya kwetu na macho ya kwenu."

"Kha! Yaani kinyume kabisa?"

"Kabisa. Na tena kuko shida ingine." Akatoka akalizunguka gari langu, akagonga kioo. "Usukani yako iko kuume. Ukikuwa nyuma ya camion, lori ile, we unaona nini? Mugongo ya camion tu! Donc inafaa mutu akae hapa kushoto, yeye ndiye anaona barabara. Anakuambia pita, ngoja. We peke yako uko kipofu."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Aliyekaa kushoto ndiye anayeona?" akauliza.

"Ndiye."

"Na dereva?"

"Dereva anauliza," nikasema mimi.

"Akiambiwa ngoja?"

"Anangoja."

Akarudi ndani na kikombe chake. Papa Fiston akanitazama, akaenda zake kutafuta abiria. Mchana ule, nikiwa naanika nguo, nilimwona mama mdogo kapitia ua, kafungua mlango wa kushoto wa gari, kakaa. Gari limezimwa, geti limefungwa. Alikaa humo ananyosha shingo kuangalia mbele, kushoto, mbele. Nilijifanya simwoni. Nguo moja niliianika nikaianua nikaianika tena.

Barabara ya Nyakiriba, siku ya tatu. Alisema twende tu mpaka pale juu na kurudi. Alivaa kama anayekwenda ibadani. Njia nzima kashika kishikio cha mlango, na mimi naendesha pole pole hadi wenye baiskeli wananipita. Kwenye mteremko wa kurudi tukajikuta nyuma ya lori la kabichi.

"Mama mdogo, njia ikoje?"

Midomo kaibana. Nikangoja. Nyuma yetu magari yakapangana, na namshukuru Mungu ni nchi ya watu wasiopenda honi, maana kwetu tungesombwa. Nikauliza tena, taratibu, bila kumgeukia. Lori likatembea, nasi tukatembea. Tulipita nyumba, tukapita shule, tukapita wanawake wenye majembe. Halafu, kwa sauti ndogo sana, akasema, "Kuna basi linakuja."

"Basi linakuja," nikarudia. "Nangoja."

Basi likapita. Akageuka kulifuata kwa macho mpaka likapotea. "Lilikuwepo kweli," akasema, kama vile alitegemea nimbishie. Hatukulipita lile lori hata kidogo, tulilifuata mpaka mjini. Usiku huo alipanga nguo zake kwenye begi, na mimi nilijizuia nisiseme neno lisije likamtisha.

Kuondoka, alfajiri. Papa Fiston alikuja kutuaga na kumkabidhi mama mdogo mfuko wa sambaza, vidagaa vya ziwani, vilivyokaangwa. "Muongoze vizuri huyu Mutanzania," akamwambia. Na aliniongoza! Kufika Musanze sauti ilikuwa imetoka. Kufika Kigali alikuwa kondakta. "Subiri. Subiri. Kuna pikipiki. Sasa. Nimesema sasa, Stela, unalala?" Kwenye pundamilia aliinua mkono wake kuwaruhusu watu kana kwamba gari ni lake. Nilikuwa nacheka na kuumia kwa pamoja, maana kila aliposema "kuna gari", nililisikia lile neno la zamani alilolimeza.

Ng'ambo ya Rusumo, alasiri. Tukarudi Tanzania, tukarudi kushoto. Hapa mimi ndiye niliye upande wa katikati ya barabara, naona kila kitu, na yeye ndiye anayeona mgongo wa gari la mbele tu. Nilimwambia, "Mama mdogo, sasa pumzika. Huku naona mwenyewe." Akaitikia, akashusha mikono mapajani, na akawa mdogo tena kwenye kiti chake. Sikuipenda hali ile.

Mbele kukawa na lori linapanda. Barabara yote ya kupishana ilikuwa nyeupe mpaka kilimani, naiona. Dereva akaniwashia ya kushoto, lugha ya nyumbani, pita. Nikaweka mkono kwenye gia, halafu nikauliza tu.

"Mama mdogo, tupite?"

Alishtuka. Akanyosha shingo. Hakuwa anaona kitu isipokuwa turubai.

"Subiri," akasema.

Nikaurudisha mkono. Dereva wa lori akawasha tena, akawasha tena, mwishowe akatoa mkono nje kunipungia nipite, huenda akidhani nimelala. Sikupita. Mama mdogo alinitazama uso kwa upande, muda mrefu, na machozi yakawa yanashuka wala hayafuti. Tulipanda kilima chote nyuma ya moshi wa lori lile. Nimeendesha miaka mingi nikiamini kwamba dereva hodari ni yule anayejua wakati wa kupita. Sasa nadhani anayestahili kuitwa dereva ni yule ambaye mtu aliye pembeni yake haogopi kumwambia kitu.

Ngara, giza likiingia. Mama alikuwa kasimama uani na mkongojo wake, nyonga na yote, kakataa kukaa. Nilizima gari, nikazunguka kumfungulia mama mdogo mlango, lakini alishafungua. Hawakukimbiliana, hawana miguu hiyo tena. Walitembea, wakafikiana, Mama akamshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka.

"Mbona mmechelewa hivi, Vere? Nimesimama hapa tangu saa kumi!"

Mama mdogo akaishika ile mikono mashavuni mwake.

"Nilimwambia asubiri, Dada," akasema. "Akasubiri."