Umri wa Nyumbani, Umri wa Serikali

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijivuni kwa hilo. Nalisema kama mtu anavyosema ana kisukari. Hapa Kyebando nina cherehani yangu barazani, nina njia yote mbele ya macho mpaka kwa muuza mkaa, na sijawahi kuona sababu ya kwenda mahali ambapo macho yanaweza kufika bila mimi. Mara moja kwa wiki nashuka soko la Owino kuchagua mivumba, zile nguo za mtumba ninazozipunguza na kuziuza upya, na nikirudi nalala saa nzima kama mtu aliyetoka Ulaya. Shangazi yangu anakaa Kasubi, si mbali na hapa. Kila sikukuu ananipigia simu kuuliza kama nimekufa.

Basi mtu kama huyu ndiye aliyepewa kazi ya kupanga safari ya Omani.

Mume wangu alikuwa polisi, akaacha, akaenda huko kuwa mlinzi. Sasa ni karibu miaka minane. Alipoondoka binti yetu alikuwa na miaka tisa, wavulana sita na minne. Amerudi mara mbili tu, na mara zote mbili yule mdogo alimwita "anko" kwa siku nzima ya kwanza. Mwaka huu walimpandisha cheo akawa mkuu wa zamu, na cheo kikaja na zawadi: tiketi za ndege za mke na watoto, wiki tatu za Desemba, mara moja tu, haitarudiwa. Sharti lilikuwa watoto wawe chini ya miaka kumi na nane siku ya kusafiri.

"Wote wako chini?" mume wangu aliniuliza kwenye simu.

"Wewe huwajui watoto wako? Mkubwa kumi na saba. Andika."

Akaandika.

Nilidhani tunakwenda kumwona baba. Tutakaa chumbani kwake, tutakula wali, nitamshonea vifungo vyote vilivyodondoka kwa miaka minane. Wanangu walikuwa na Omani nyingine. Binti yangu anacheza netiboli ya shule, ana mikono mirefu kama kamba za kuanikia nguo, na hawezi kukalia kiti bila kukitikisa. Alinunua daftari, akaandika juu yake SAFARI, na kila jioni yeye na wadogo zake walibanana juu ya simu moja wakitazama video. Mlima, waupande mpaka kileleni. Jangwa, walale humo ndani ya hema. Bonde lenye maji ya kijani kati ya majabali, ambako watu wazima, wenye akili zao na familia zao, wanajirusha kutoka juu huku wanacheka.

"Na Mama ataruka," alisema mdogo.

"Mama ataruka akisukumwa," alisema kaka yake.

Dada yao hakucheka. Aliandika kwanza. "Mama tutamfanyisha mazoezi."

Banange! Kuanzia siku ile, saa kumi na mbili asubuhi, binti yangu alikuwa mlangoni na viatu vyangu mkononi. Viatu vya mpira vya mivumba, nilivyokuwa nimevinunua ili niviuze. Tunapanda kilima chetu, yeye anarudi nyuma kunichukua, anapanda tena, anarudi tena, kwa hiyo nikifika juu mara moja yeye kafika mara nne. Muuza mkaa hakuniacha salama hata asubuhi moja. "Nnyabo, mwizi kapita wapi?" Jumamosi moja walinipeleka mjini, kwenye jengo la maduka, nijifunze ngazi zinazotembea zenyewe, maana eti viwanja vya ndege vinazo. Nilisimama mbele yake nikihesabu vidaraja vinavyotoka chini kama meno. Foleni ikawa ndefu. Mlinzi akaja kwa upole kabisa: "Jjajja, kuna ngazi za kawaida kule nyuma." Nina miaka arobaini na mbili, naitwa bibi. Jjajja! Wanangu walicheka mpaka wakakaa sakafuni.

Na mimi nilicheka. Lakini acha niseme ukweli, kwa sababu hautanipunguzia kitu sasa. Wiki zile zote, nikiwa nimeinamia cherehani, nilikuwa naomba jambo litokee. Dogo tu. Jambo lisiloumiza mtu, lakini safari ivunjike.

Siku moja waliniachia lile daftari barazani nikafungua ukurasa wa kwanza. Niliamini nitakuta jangwa au mlima. Kumbe ulikuwa mstari mmoja kwa mwandiko wa binti yangu: "Mbio na Baba. Safari hii asiniachie." Tulipokuwa tunakaa kambi ya polisi, walikuwa wakishindana kila jioni kutoka mlangoni kwetu mpaka getini, na kila jioni alishinda yeye, mtoto wa miaka minane, tisa. Yeye peke yake kati ya watoto wangu anakumbuka baba yake anavyokimbia. Nilifunga daftari. Siku mbili tatu sikuomba kitu.

Paspoti zikatoka. Tukazipiga picha, tukazituma. Kesho yake alasiri mume wangu alipiga simu, sote wanne tukiwa sebuleni, daftari wazi mezani.

"Mama wa watoto," alisema, "huyu mkubwa ana miaka mingapi?"

"Tumeshaongea. Kumi na saba."

"Paspoti inasema kumi na nane. Tangu Machi."

Mtu aliyelelewa mbali nasi hatalielewa kosa hili, lakini sisi watoto wa kambi karibu kila mmoja ana umri wa nyumbani na umri wa serikali. Wa nyumbani anaujua mama yako. Wa serikali uko kwenye ndagamuntu, kile kitambulisho cha taifa, na kwenye vyeti vya shule. Hatuuiti uongo. Marehemu baba yangu alikuwa na umri wa kuingilia kazini na mwingine wa kustaafia, na kila mmoja aliuheshimu. Binti yangu alipojaza fomu ya paspoti aliandika wa serikali, kama anavyoandika siku zote. Mimi nilipoulizwa na baba yake nilijibu wa nyumbani, kama ninavyojibu siku zote. Hakuna aliyekosea, na tiketi ikafa katikati yetu.

Mume wangu alikwenda ofisini kwao mara mbili. Walimwambia ndege inasoma paspoti, haisomi mama. Kumnunulia binti tiketi kwa pesa ya cherehani? Tusichekeshane. Nikaenda mwenyewe, mimi nisiyefika Kasubi, kwenye ofisi ya vitambulisho, nikapanga foleni tangu asubuhi. Yule karani hakuwa mtu mbaya. Alisema tarehe inaweza kubadilishwa kwa kiapo, lakini cheti cha kidato cha nne kitabaki na tarehe ya zamani, na mwakani mtoto akimaliza cha sita vyeti vyake vitagombana. Akaniangalia juu ya miwani. "Nnyabo, unataka binti aende Omani au aende chuo?"

Nilirudi nikawaeleza. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti, na kiti kilikuwa kimetulia.

"Lakini nani aliongeza huo mwaka?" aliuliza yule mdogo. "Nani hasa?"

"Mwalimu," nilisema. "Walimu wa kambini walikuwa wanaandika tu."

Lilinitoka hivyo, laini, kama sindano kwenye kitambaa. Binti yangu aliniangalia, kisha akaangalia daftari.

Mwalimu, masikini ya Mungu, hakuandika tu. Shule ya kambi haikuwa inauliza vyeti. Mtoto alisimamishwa mbele ya meza, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, amekua, aingie darasani. Asipolifikia, arudi kwa mama mwaka mzima. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, na siku moja nilimkuta juu ya tangi la maji la kambi, amesimama, ananipungia. Baba yake alikuwa amepelekwa kazini kaskazini. Mimi nilitaka nyumba tulivu, mashine yangu na chai yangu. Kwa hiyo nilimfundisha jikoni wiki nzima, namvuta mkono, na pale mkono ulipogoma nilimwinamisha kichwa kidogo upande. Siku ya siku, alilishika lile sikio kwa ncha ya kidole. Mwalimu akauliza alizaliwa mwaka gani. Nikataja mwaka wa uongo bila kupepesa macho. Nilirudi nyumbani nikanywa chai.

Nilimwambia mume wangu kwamba basi, hatuji. Kama mkubwa haji, hatuji. Ilisikika kama mapenzi ya mama, na kweli yalikuwemo. Lakini nilipokata simu nilishusha pumzi, na niliisikia ile pumzi, na niliona haya.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, viatu mlangoni.

"Vya nini tena?" nilimuuliza. "Nimeshamwambia baba yako hatuendi."

"Nimempigia jana. Nimemwambia mnakwenda. Vaa, Mama."

Tukapanda. Muuza mkaa aliuliza mwizi wake, tukampita. Nusu ya kilima nilisimama, si kwa kuchoka, ingawa nilikuwa nimechoka.

"Si mwalimu," nilisema. "Mwaka niliongeza mimi."

Alikuwa hatua kumi mbele. Hakurudi kunichukua, mara ya kwanza tangu tuanze.

"Najua," alisema. "Nakumbuka. Ulinibana shingo mpaka ikauma."

"Na ukaniacha niseme vile mbele ya wadogo zako?"

"Sasa ningesemaje, Mama?"

Pikipiki ya boda yenye magunia ya mkaa ilipita kati yetu. Alingoja ipite.

"Yule mdogo hamjui Baba," alisema. "Anamjua wa kwenye simu. Ukikaa hapa na cherehani yako, ataendelea hivyo hivyo. Na huko mabondeni nani atawazuia wasiruke? Baba? Baba ataruka nao."

"Na zile mbio zako?"

Alinyanyua mabega. Aliangalia juu, kule kilima kinakoishia, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa umri wa nyumbani hasa, kumi na saba, si siku moja zaidi.

"Utakimbia wewe," alisema. "Umwambie asikuachie."

Akageuka akapanda, polepole kuliko siku zote. Nikamfuata.