Mstari wa Njaa kwenye Unyoya

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Migori, nilipewa unyoya mmoja na kuambiwa nikae nao dirishani hadi saa sita. Msimamizi wa chumba cha manyoya, mama aliyevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, alirudi akaniuliza, “Umeona nini?”

“Unyoya, madam.”

“Hata jogoo mwenyewe anajua hivyo. Rudi dirishani.”

Nilirudi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, baada ya kumzika mama mwaka mmoja baada ya baba. Huko nyumbani Magunga wadogo zangu wawili, Adhiambo na Omondi, walikuwa wananitegemea mimi.

Karakana yetu ilitengeneza nzi bandia, yaani ndoano ndogo zilizofungwa manyoya na uzi ili samaki wa mito ya ng’ambo wadhani ni wadudu. Wafungaji walikaa wengi ukumbini, wakipiga soga na kuimba. Mkaguzi wa manyoya hukaa peke yake, madirisha yamefungwa, kwa sababu upepo ukiingia kazi ya asubuhi nzima inatawanyika. Hata kucheka ni kosa pale. Niliwasikia wenzangu kupitia ukutani kwa miaka mingi.

Nawaeleza ninyi mnaoanza jinsi tulivyokagua. Unaupinda unyoya wa shingo ya jogoo ili nyuzi zake zisimame, kisha unazigusisha mdomo wa juu. Zikichoma kidogo kama ndevu zilizonyolewa jana, zitamshikilia nzi juu ya maji. Zikiwa laini, atazama. Halafu unauzungusha kwenye ndoano uone kama uti wake, ule mfupa wa katikati, unakubali kupinda bila kupasuka. Mwisho unaangalia sufi, ule ulaini wa karibu na ngozi. Ikizidi nusu, unyoya huo ni wa kujaza mto wa kulalia.

Meneja wa karakana alinituma kwanza Kegonga, nikanunue ngozi za shingo kwa wafugaji. Sikujua Kikuria, kwa hiyo nilizungumza na watu sokoni tu, kwa Kiswahili. Kazi kubwa ilikuwa kuwaomba akina mama watoe ngozi ya shingo kabla ya kumtia kuku kwenye maji moto. Mama mmoja aliniletea manyoya laini kabisa.

“Mama, huyu alikuwa kuku jike.”

“Jike? Huyu alikuwa anawika!”

“Basi aliwika kwa siri.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu wiki ile sikusikia kingine.

Baadaye nilihamishiwa kituo chetu cha kununulia manyoya, Rodi Kopany. Adhiambo alikuwa ameshaolewa mbali. Omondi alikuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi, na rafiki zake walikuwa wanamwita kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Tanzania. Nilimwombea kwa Meneja vifaranga vya ile mbegu yenye manyoya marefu ya shingo.

“Manyoya yake yakipita, atakuwa mfugaji wetu wa Magunga,” Meneja alisema. “Yasipopita, vifaranga vinavyofuata vitaenda kwa mwingine. Na wewe ndiye utakayekagua.”

Omondi aliwafuga karibu mwaka, kila jogoo katika kizimba chake, maana wakikutana wanauana. Alileta ngozi asubuhi moja, wafugaji wengine wakiwa kwenye benchi. Niliweka unyoya mdomoni ukachoma vizuri. Nikafurahi. Kisha nikauinua kwenye mwanga.

Palikuwa na mstari hafifu uliokata unyoya, mwembamba kama mkwaruzo wa wembe. Unyoya huota kidogo kidogo kutoka kwenye ngozi, na kuku akikosa chakula, sehemu iliyoota siku hizo huwa dhaifu. Tunauita mstari wa njaa. Nilizungusha unyoya kwenye ndoano, ukakatika hapo. Nilijaribu manyoya ya jogoo wa pili na wa tatu. Yote yalikatika mahali pale pale.

“Majogoo hawa walikaa na njaa,” nikasema. “Siku tatu, pengine nne.”

Mzee mmoja benchini akadakia, “Kijana alienda disko Homa Bay, kuku wakabaki wakifunga na kusali!” Watu wakaangua kicheko.

“Ulikuwa wapi, Omondi?”

Alinitazama kidogo. “Andika tu, mkaguzi.”

Tangu ajue kusema alikuwa akiniita dada. Nikaandika kwamba yamekataliwa.

Alipoondoka nilipima toka mstari hadi shina na kuhesabu wiki nyuma, kama nilivyofundishwa. Hesabu ilinifikisha kwenye wiki niliyolazwa hospitalini Homa Bay na malaria. Omondi alikaa kando ya kitanda changu siku nne, akininywesha uji. Wakati ule nilifurahi tu kwamba amekuja. Sikuuliza amemwachia nani kuku.

Kitabu kilikuwa bado wazi mezani. Sikufuta neno. Nilimpigia simu.

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungeyapitisha?”

Nikamwambia ukweli. “Hapana. Yangekatika mikononi mwa wafungaji.”

“Nilijua. Sikutaka ukatae huku unajua.”

Mwezi ule aliuza vizimba akavuka mpaka.

Sasa nimestaafu, naishi kwenye boma la wazazi wetu Magunga. Vijana wa karakana huja kuniuliza juu ya nyuzi na sufi, nami nawaonyesha. Kisha nawaambia kwamba unyoya utawaonyesha siku ambazo kuku alikosa chakula, lakini hautawaambia mwenye kuku alikuwa wapi. Mwite kando umuulize, mbali na watu wa benchi. Ukishamsikia, kama unyoya unakatika, kataa. Vijana wakiondoka, nyumba inarudi kuwa kimya.

Jumapili iliyopita nilimpigia Omondi. Simu iliita mpaka ikakatika. Nitapiga tena Jumapili hii.