Nyuzi za Upande wa Kushoto

Meza yetu ya chakula ilitekwa na ndege. Sisemi kwa mzaha. Tangu mvua zianze tulikuwa tunakula sahani zikiwa mapajani, kwa sababu katikati ya meza, juu ya gazeti, ilikaa ndege ndogo ya plastiki yenye mabawa mawili, moja juu ya lingine kama kitanda cha ghorofa. Mume wangu alikuwa ameiinamia hapo kutwa, anapumua kwa mdomo.

Mume wangu ni fundi saa. Mtaani wanamwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo nikikasirika. Siku hizo nilimwita Fundi asubuhi mpaka jioni.

Ndege ilikuwa ya kaka yake, shemeji yangu, ambaye watu wote wanamwita Rubani ingawa hajawahi kurusha hata tiara. Maisha yake yote ya kazi alikaza nyaya za ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ndege ya njano ya namna hii hii. Ni zile nyaya zinazopita kati ya bawa la juu na la chini, zinazoyazuia yasikunjike hewani. Ndege yenyewe iliuzwa kama chuma chakavu, na hakuna aliyekumbuka kuipiga picha. Sasa presha ya macho ilikuwa inamnyang'anya shemeji macho kidogo kidogo, na daktari alishasema hakuna cha kurudisha. Ndipo Fundi akaagiza boksi la vipande, akaapa kwamba kaka yake ataiona tena ndege yake kabla macho hayajazima.

Kiapo kizuri. Tatizo ni aliyeapa. Fundi hajui kumaliza kitu. Saa ya mteja inaanza kutembea vizuri, yeye anaifungua tena kwa sababu mlio wake haujamkaa sawa. Mwezi uliopita ndege ilikuwa imesimama, njano inang'aa, zimebaki nyuzi tu. Nikamwambia, "Mpelekee hivyo hivyo. Nyuzi utafungia huko huko kwake." Akachukua lenzi, akaona alama ya kidole chini ya bawa. Chini! Mahali ambapo hata mende angelazimika kulala chali ndipo apaone. Akaikwangua rangi yote.

Alipopaka upya, vanishi ikaziba vitundu alivyotoboa kwa ajili ya nyuzi. Akavizibua kimoja kimoja kwa sindano yangu ya kushonea, akaivunja, akachukua nyingine bila hata kuuliza. Nyuzi zenyewe zilikuwa za nailoni, za kuvulia samaki, nyembamba kama unywele. Unaupitisha uzi, unaugundisha, halafu unausogezea njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa. Joto linaukaza, unanyooka. Ukizidisha, unakatika. Alizidisha, tena na tena, na kila ulipokatika alinitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyepuliza.

"Usipite hapo, meza inatikisika."

"Nipite wapi? Dirishani?"

"Wewe pita taratibu."

Hatimaye akazikaza. Upande wa kushoto wote kwanza, uzi baada ya uzi, mpaka roho yake ikatulia, ndipo akahamia kulia. Ndivyo anavyofanya kazi dukani: hagusi kitu cha pili mpaka cha kwanza kiwe sawasawa. Sikuona ubaya. Nilichoona ni kwamba amemaliza, na mbio nikampigia simu shemeji kabla Fundi hajashika lenzi tena.

Shemeji alikuja kesho yake, ameshika bega la binti yake. Nilidhani ni kwa sababu ya ngazi zetu, zina kiza. Lakini hata sebuleni hakuliachia bega. Binti alimkalisha, akauchukua mkono wake, akauelekeza mezani.

"Kaka, usiiguse, vanishi bado mbichi," Fundi akasema. "Itazame kwanza. Ngoja niwashe taa."

"Acha taa, mdogo wangu. Tangu wiki iliyopita hata dirisha silioni liko wapi. Nilimkataza huyu asiwaambie. Ungeacha kuitengeneza."

Nilitamani kupiga kelele. Niliyachukia yale macho, nikamchukia daktari kwa kutokosea, na zaidi ya vyote nikaichukia ile alama ya kidole.

"Mwezi uliopita ilikuwa karibu tayari," Fundi akasema. "Ungeiona. Shemeji yako aliniambia niilete."

Miaka yote ya ndoa nimesubiri akiri kwamba nilisema kweli. Siku hiyo sikuitaka hiyo haki yangu.

Shemeji alikuwa ameshalipata bawa. Kidole chake kinene kiliteleza taratibu, kikagusa uzi, akaudonoa kwa ukucha. Uzi ukalia kama mbu. Akainamisha sikio, akadonoa wa pili na wa tatu, kisha akahamia upande wa kulia. Kule zililia kwa sauti nzito zaidi. Akapitisha kidole ukingoni mwa bawa, ncha hadi ncha.

"Ulimaliza kushoto kwanza."

"Ndiyo."

"Bawa limepinda. Nani kakufundisha kazi hii? Unakaza wa huku kidogo, unakaza wa kule kidogo, unarudi. Kata zote."

"Kaka, hii hairuki. Ni ya kutazama tu."

"Ya kutazamwa na nani?"

Fundi akavuta droo, akatoa wembe, akazikata zote, kushoto na kulia. Machozi yalimtoka akikata, wala hakuyafuta. Shemeji akasogeza kiti, akashika ncha ya uzi mpya kwa vidole viwili.

"Vuta. Bado. Bado. Bado, bwana, una haraka ya wapi?"

Fundi, kuambiwa ana haraka! Nikaondoka nikapakue chakula, sahani za mapajani kama kawaida.

"Shemeji," sauti ya Rubani ikanifuata jikoni, "gundi imeziba vitundu. Una sindano?"

Nilikuwa nimebakiwa na moja. Nikampelekea.