Sauti ya Mama Feza Nyuma ya Kufuli

Kabla hujafungua studio yako, mwanangu, sikia: iko siku moja ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa kijana, na studio yangu ilikuwa chumba kimoja cha nyumba yetu pale Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za soko. Humo nilirekodi korali ya parokia yetu.

Papa Kabwe, kiongozi wa korali, alinishauri mapema nitumie programu huria ya kurekodi: kila mtu anaichukua bure, na wajuzi wako huru kuona ilivyotengenezwa na kuirekebisha. Nilimcheka mbele ya waimbaji.

"Papa, ile ni ya wale hawana kitu! Minye niko na ya mabwana."

"Ya mabwana?" akajibu. "Na weye uliikamata wapi? Mu flashi ya ku soko?"

Waimbaji wakaangua kicheko, nami nikanuna, maana alisema kweli. Programu yangu ilikuwa ya wizi, muuzaji wa sokoni aliivunja kufuli. Lakini ilikuwa na sura ya kung'aa. Mtoto mzima wa Likasi, mji wa machimbo ya shaba, nisijue kwamba si kila jiwe la kijani lina shaba!

Mama Feza, mke wa Papa Kabwe, ndiye aliyeongoza wimbo wa mwisho tuliorekodi. Kabla sijaumaliza, akafariki ghafla. Asubuhi ya mazishi Papa Kabwe akaja: watoto walitaka sauti ya mama yao isikike mbele ya jeneza. Nikawasha kompyuta. Programu ikagoma, ikadai namba ya ununuzi, na faili zake hazikufunguka kwa programu nyingine yoyote.

Papa Kabwe aliinama akaisoma ile skrini.

"Muntu akiiba funguo, siku moja mwenye nyumba anabadirisha kufuri," akasema. "Ile ninaelewa. Lakini mule mu nyumba, ni bibi yangu uliweka."

Kanisani watoto waliimba wenyewe. Walipofika mahali pa sauti ya mama yao, wakanyamaza.

Baadaye nilitaka kulipa kihalali. Nikaambiwa toleo lile limeachwa, ninunue jipya. Na jipya halikuweza kusoma kazi za zamani. Hebu fikiria! Pumzi ni ya Mama Feza, maikrofoni ni yangu, na ufunguo anao mtu asiyeijua hata njia ya kwenda Kambove, hapa jirani! Mimi niliiba, sijitetei. Lakini aliyenunua kwa jasho lake naye angefungiwa vilevile. Ni haki gani hiyo?

Na bado nawasikia vijana mkisema cha bure ni cha maskini. Acheni! Majuto ni mjukuu, nami nimemlea wangu hadi amezeeka.

Chukua programu huria, mwanangu. Usiichague kwa sura. Ijaribu kwenye kompyuta yako hiyohiyo chakavu: je, inarekodi kila sauti peke yake? Inafanya kazi bila intaneti? Umeme ukikatika, inakurudishia kazi yako? Ikikuwia ngumu mwanzoni, vumilia, hata shoka lina siku zake za kuzoeleka mkononi. Na siku hiyohiyo ya kurekodi toa nakala inayofunguka hata kwenye simu, uwape wenye sauti zao.

Mungu abariki masikio yako na mikono yako. Na mama yako aimbe nyumbani mwako miaka mingi, akiwa hai.